Kapteni Mwenye Sinia la Chapati

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba siwezi kuchora kama mimi mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chama cha wasomaji. Alikuja kwenye kibanda changu hapa Mabatini, Mwanza, asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa na makali, mkononi ana kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikitoa kwa ncha za vidole. Akaniuliza kama ninaweza kuihamishia ile picha ya jalada kwenye ubao mkubwa, chama chao kiutundike ukutani wanapokutana.

Niliitazama picha. Mwanamke amesimama mbele ya chombo cha kwenda angani, anga la kahawia, mikononi ameshika kitu cha duara. Niliifahamu vizuri. Niliichora mimi, juu ya benchi lile lile alilokuwa ameliegemea.

"Sijui kama utaweza, mzee," alisema. "Huyu aliyechora ni msanii wa kweli. Siyo hawa wa vibao."

Hawa wa vibao ndio mimi. Nimechora vibao vya saluni, vya bucha, vya mafundi saa na vya waganga tangu yeye hajazaliwa. Kazi zangu zote naziwekea herufi mbili za jina langu kwenye kona ya chini, lakini kwenye kitabu chake duka lilikuwa limebandika karatasi ya bei hapo hapo, na yeye kwa kuheshimu jalada hakuwahi kuibandua. Ningeweza kumwambia. Lakini nilitaka kuona ujinga wake unaishia wapi.

Kazi ilinichukua asubuhi moja. Alipokuja kuichukua alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akainua kitabu chake akalinganisha.

"Umekaribia," alisema.

Sasa niseme majalada yale yalivyopatikana, maana baadaye nilisikia mengine mengi. Miaka kadhaa nyuma alipita hapa mtu wa kampuni ya vitabu kutoka Dar, akiwa njiani kwenda Kagera kuonana na mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuwa ameandika hadithi ndefu ya kisayansi. Ziwa limekauka, watu wa pwani zake wameunda chombo cha kwenda kutafuta maji kwenye nyota nyingine, na kapteni wao ni mwanamke. Mtu yule akaona kibao cha saluni nilichokichora, akakipenda, akaniuliza kama naweza kuchora jalada. Nikamwambia naweza kuchora chochote. Tangu hapo kila kitabu kilipokuwa tayari nililetewa kwa basi karatasi moja ya maelezo, nami nikapeleka picha. Vilifika vitabu sita. Kila kimoja walinipa nakala yangu, na hakuna hata kimoja nilichokifungua zaidi ya kuangalia kama rangi zimetoka sawa.

Nina kiolezo cha kadibodi cha mwanamke aliyesimama ameshika sinia la chapati. Nilikikata zamani kwa ajili ya vibao vya mama ntilie, na kimenilisha. Kapteni ni huyo. Nilimvalisha suruali, nikamvua kilemba, chapati nikazifuta, sinia nikaliacha kwa sababu mikono ilikuwa tayari imelishika. Anga la kitabu cha pili ni la kahawia kwa sababu jirani yangu anatengeneza majeneza, na vanishi ilikuwa imebaki. Anga la kitabu cha tatu ni la kijani kwa sababu wiki ile nilikuwa nachora duka la dawa. Kitabu cha tano kina miezi miwili. Mwezi wa pili ni tone la rangi nyeupe lililodondoka kutoka kwenye brashi, nikaliviringa vizuri ili lisionekane kosa.

Mwenyekiti alipokuwa anaufunga ubao kwenye pikipiki aliniambia habari iliyonifanya niiweke brashi chini. Kitabu cha saba, cha mwisho, kiko njiani, na mchapishaji hajaamua kama jalada lichorwe kwa mkono kama yale sita au litengenezwe na kompyuta. Ameomba maoni ya wasomaji. Chama cha Mwanza ndicho kikubwa kuliko vyote, kitakutana Jumamosi, na barua watakayoiandika ndiyo itakayosikilizwa.

Nilikitaka kitabu kile. Siwezi kusema nilikitaka kidogo. Ukitembea Mabatini leo utaona mabango ya plastiki yaliyochapwa na mashine, nyuso zile zile zenye meno yale yale, kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa fundi viatu. Vibao vyangu vimetumika kuziba mabanda ya kuku. Kazi yangu pekee ambayo bado watu waliishika mikononi ilikuwa majalada yale, na nilikuwa nasikia kwamba hata hayo yatamalizwa na kompyuta. Nikamwambia mwenyekiti nitakuja mwenyewe kuutundika ubao, maana misumari inataka mjuzi.

Walikutana katika chumba cha tuisheni nyuma ya duka la vifaa vya shule. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za watoto. Watu walikuwa kama kumi na tano, wengi wao wenye kazi za kukaa, na kila mmoja alikuwa ameweka vitabu vyake mbele yake juu ya dawati, jalada juu, ndani ya plastiki. Nilitundika ubao wangu. Wakapiga makofi, wakampongeza mwenyekiti.

Pembeni alikaa mwanamke wa makamo, mwalimu wa hesabu kutoka Kisesa, ambaye siku ile zamu ya chai ilikuwa yake. Alinisalimia vizuri, shikamoo yake ilikuwa kamili, lakini kikombe alinipa kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulibaki ndani ya sweta, umebanwa kiunoni. Mimi nimelelewa Bujora. Kwetu mdogo akimpa mkubwa kitu, anatoa kwa mikono miwili, na kama kitu ni kidogo, mkono wa pili unaugusa ule unaotoa. Hata mtoto anayejifunza kutembea anafundishwa. Nilikipokea kikombe, nikajisemea kwamba usomi umemfikisha mahali pa kumpa mzee chai kama anayemtupia. Nikaona pia kwamba vitabu vyake hakuviweka kwenye plastiki. Alikuwa amevifunika vyote sita kwa karatasi ya kaki, kama madaftari ya shule, na juu ya kila kimoja ameandika namba tu. Mtu amekuja kwenye mkutano wa kujadili majalada, na majalada yake ameyaziba. Nilimchukia hapo hapo.

Kisha wakaanza. Nimekaa kwenye misiba, nimekaa kwenye vikao vya harusi, lakini sijawahi kusikia watu wazima wakisema uongo kwa unyenyekevu kiasi kile.

Mmoja aliinua kitabu cha pili akasema kahawia ya anga ni vumbi la ziwa lililokauka, na kwamba mchoraji alitaka tuone vumbi hilo linang'aa kwa sababu ndani yake kuna chumvi ya machozi ya watu. Ilikuwa vanishi ya jeneza. Mwingine akasema kijani cha kitabu cha tatu ni gugumaji, ishara kwamba maovu ya dunia ya zamani yamewafuata mpaka nyota mpya. Wakaandika hilo kwenye daftari. Juu ya mwezi wa pili walibishana mpaka chai ikapoa. Kundi moja lilisema mwezi wa pili ni roho ya ziwa. Kundi la pili likasema hapana, ni chombo cha maadui kinachojifanya mwezi, na ushahidi ni kwamba haukuwa duara kamili. Hapo niliumia kidogo, maana nilijitahidi kuuviringa.

Lakini sinia ndilo lililonimaliza. Mwenyekiti alisimama, akaweka mikono nyuma, akaeleza kwamba kifaa cha duara anachokishika kapteni katika majalada yote sita ni dira ya nyota. Hakitajwi popote katika hadithi, alisema, na hiyo ndiyo siri yake. Mchoraji anajua kitu ambacho mwandishi amekificha. Watu wakatikisa vichwa. Dada mmoja alifuta jicho. Nilimtazama kapteni wangu juu ya ukuta, na kama ningekuwa na rangi karibu, ningemrudishia chapati zake nne pale pale.

Baada ya hapo alisimama kijana anayechapa mabango, mmoja wa wale walioua kazi yangu, akafunua karatasi kubwa. Ilikuwa picha iliyotengenezwa na kompyuta kwa ajili ya kitabu cha saba. Kapteni alikuwa na ngozi inayoteleza na macho ya mtangazaji wa televisheni, nyuma yake nyota zimemwagika kila mahali. Wengine waliguna kwa kuipenda. Kisha mtu mmoja akasogea karibu, akahesabu.

"Mkono wa kushoto una vidole sita," alisema.

Vurugu ikaanza. Wakasogeza madawati. Wakahesabu kwa zamu, wengine kwa kugusa na ncha ya kalamu. Kijana wa mabango akasema cha sita ni kivuli. Mwingine akasema huenda watu wa kule angani wameongezeka vidole, kwa hiyo ni sahihi kisayansi. Mwenyekiti akatoa hoja kwamba mchoraji wa majalada sita asingefanya kosa la namna hiyo, ila bahati mbaya hatujui alipo. Mtu mmoja akasema amesikia alisomea Ulaya. Mwingine akasema amesikia alishakufa.

Hapo nilisimama. Nilikwenda kwenye dawati la mwenyekiti, nikachukua kile kitabu chake, nikakitoa kwenye plastiki mbele ya macho yake, nikabandua ile karatasi ya bei kwa ukucha. Herufi mbili zikaonekana. Nikawaonyesha herufi hizo hizo kwenye ubao nilioutundika, na kwenye kibao cha duka walilopita kuingia humo.

"Ni mimi," nilisema. "Wa vibao."

Ningependa kusema mwenyekiti aliona haya. Hakuona. Alinikumbatia. Alisema alihisi tangu siku ya kwanza kwamba mikono yangu ina kitu. Wakanizunguka na vitabu vyao wakitaka saini, wakaniuliza juu ya vumbi, nikasema ndiyo, vumbi. Wakaniuliza juu ya gugumaji, nikasema ndiyo. Mwezi wa pili nikawaambia wajibu wenyewe, wakaona hilo ni jibu kubwa. Mwenyekiti akaniuliza, sauti imeshuka, kama kile kifaa ni dira ya nyota.

"Umeona mbali," nilimwambia.

Niliwadharau wote, mmoja mmoja, na bado nilikunywa sifa zao zote. Barua ilikuwa imeshaandikwa hewani. Kitabu cha saba kilikuwa changu.

Mwalimu wa Kisesa alikuwa hajasimama. Alinisubiri mpaka kelele zipungue.

"Mzee, naomba kuuliza juu ya mkono wa kushoto," alisema.

Nilidhani anazungumzia vidole. Nikamwelekeza kwenye ubao. "Mkono wa kushoto umekaa vizuri, mwalimu. Hesabu mwenyewe, ni vitano."

"Nimehesabu. Lakini kapteni hana mkono wa kushoto. Ulikatika katika kitabu cha kwanza, sura ya pili."

Nilitazama nyuso zao, na niliona kitu ambacho kama mchoraji wa nyuso nisingeweza kukikosea. Nusu yao walikuwa hawajui. Nusu nyingine walijua na walikuwa wamesahau. Watu waliokuwa wamebishana juu ya kidole cha sita cha mkono wa kushoto walikuwa wanapekua kitabu cha kwanza kutafuta kama mkono wenyewe upo.

Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. Akainua kidole. "Ni mkono wa kumbukumbu," alisema taratibu. "Mzee amechora mkono ambao kapteni bado anauhisi. Si kweli, mzee?"

Wote wakanigeukia. Mwalimu naye alinitazama, bila ukali. Ingetosha kusema sikuvisoma. Maneno mawili, au matatu. Nikafikiria jalada la saba.

"Ndiyo," nilisema. "Wa kumbukumbu."

Makofi yakapigwa. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya vitabu vyake vya kaki. Alikuwa akiviingiza kwenye mkoba kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, huku mdomo wa mkoba ameubana kati ya kiwiko cha kushoto na ubavu. Kitabu cha nne kikateleza. Alipoinama kukiokota, mkono wa sweta wa kushoto ulining'inia mtupu kuanzia karibu na kiwiko, ukagusa sakafu.

Kikombe alichonipa kilikuwa bado juu ya dawati langu.

Niliporudi kibandani sikufungua rangi. Nilishusha kopo la biskuti ninaloweka karatasi za kazi, nikaitafuta ile karatasi ya maelezo ya kitabu cha kwanza. Njia nzima nilikuwa najitetea kwamba hawakuniambia. Karatasi ilikuwepo, imeshika rangi pembeni. Mstari wa pili ulisema: kapteni, mwanamke wa miaka arobaini hivi, hana mkono wa kushoto. Chini ya maneno hayo palikuwa na alama ya penseli ya seremala. Ni mimi niliyeipiga. Nikakumbuka kabisa siku ile. Niliusoma mstari, nikakitazama kiolezo changu cha chapati, nikasema kwa sauti kwamba hakuna mtu atakayenunua kitabu chenye kilema juu yake. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo.

Nakala zangu za vitabu zilikuwa kazini. Cha tatu kilikuwa chini ya mguu mfupi wa benchi. Cha tano kilifunika kopo la tina ninayozimulia rangi. Cha kwanza nilikikuta kwenye rafu kinashikilia brashi zisibiringike. Nikakifuta vumbi nikaanza kusoma. Elimu yangu ni ya darasa la saba na macho yangu si ya kujisifia, kwa hiyo nilikwenda polepole, kidole chini ya mstari. Sura ya pili niliisoma nimesimama. Mlango wa chuma wa chombo unashuka, nje bado kuna watu wanakimbia kwenye tope lililokuwa ziwa, na mitambo haisikilizi amri. Kapteni anauingiza mkono wake chini ya mlango ili usifunge. Wanapita watu tisa. Mwandishi anawaeleza mmoja mmoja, na wa tisa ni bibi mmoja anayegombana na mjukuu wake kwa sababu ya kuku. Baada ya hapo, katika vitabu vyote sita, kapteni hataki kuonewa huruma na hataki kufunikwa. Anapowasalimia wageni wa nyota nyingine anatoa kile kilichobaki cha mkono wa kushoto, ili wajue wanazungumza na nani. Nilivisoma vyote sita, wateja wachache nilionao wakasubiri.

Barua ya chama ilifanya kazi. Mchapishaji alinipigia, akaniletea karatasi ya kitabu cha saba. Nikaitoa misumari kwenye kiolezo cha chapati, nikakikunja, nikakiwasha jikoni kuchemshia maji. Nilimchora kapteni upya kutoka kichwani, kwa rangi nilizozinunua kwa ajili yake na siyo mabaki ya mtu. Anga nililipa rangi ya ziwa la asubuhi upepo ukiwa umetulia. Sinia halikuwepo. Mkono wa kushoto wa shati niliukunja ukaishia chini ya kiwiko, nikaufunga vizuri. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua, na sikuhitaji mtu mwenye shati la pasi aniambie nimekaribia.

Nikaipeleka Dar kwa basi. Kabla ya kuchapa waliwaonyesha wanachama picha ya jalada kwenye simu zao. Nilisikia baadaye kilichotokea. Wasomaji wangu, wale waliolia kwa ajili ya dira ya nyota, walishtuka. Waliandika kwamba mzee amesahau mkono. Waliandika kwamba umri umeanza kumpata, na wakauliza dira imekwenda wapi. Kijana wa mabango akasema, kwa huruma nyingi, kwamba kasoro ndogo kama hiyo kompyuta inairekebisha kwa dakika mbili.

Mtu wa mchapishaji akanipigia. "Mzee, usijali hata kidogo. Ule mkono tumeshakuwekea."

Kitabu kilipotoka, mwenyekiti aliniletea nakala mwenyewe, ndani ya plastiki. Kapteni wangu alikuwa na mkono wa kushoto unaong'aa, wenye vidole vitano kamili, na juu yake wamemwekea kitu cha duara. Nikamuuliza mwenyekiti kama amesoma kitabu cha kwanza, sura ya pili. Alisema amesoma, tena mara mbili.

"Sasa mkono huu ni wa nani?"

"Tunajua hana, mzee," alinijibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Lakini tumeshamzoea na mikono miwili. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuzoesha."

Nimemdharau mtu yule kwa mambo mengi na bado namdharau, lakini hilo alilosema lilikuwa kweli, na alikwenda zake bila kujua kwamba amenipiga.

Walinirudishia picha yangu ya asili kwa basi, imefungwa kwa gazeti. Niliisimamisha nyuma ya mlango, uso ukiangalia ukuta.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa Kisesa alikuja kibandani. Alisema shikamoo, nikaitikia marahaba nikiwa nimeshasimama. Alikuwa amekuja mjini kununua chaki na akaona apite. Kitabu cha saba kilikuwa mkobani mwake, kimeshafunikwa kwa kaki, na namba imeshaandikwa.

"Niliona watu wanasema ulisahau mkono," alisema. "Nikataka kujua kama ni kweli ulisahau."

Nilimweleza yote. Nilianza na kiolezo, nikaenda kwenye karatasi ya maelezo na alama yangu ya penseli, na maneno niliyoyasema siku ile juu ya kilema, nikayarudia mbele yake kama yalivyokuwa. Nilimwambia pia nilivyomfikiria juu ya kikombe cha chai. Sikumuuliza mkono wake ulipatwa na nini, naye hakuniambia. Kisha nikaigeuza picha.

Aliisogelea, akainama kuitazama. Fundi wa majeneza alikuwa anapiga randa upande wa pili, na nilimsikia akianza ubao mwingine, mwalimu akiwa bado ameinama.

"Umekaribia, mzee," alisema.

Niliinamisha kichwa nisikilize.

"Kapteni hafuniki. Kila kitabu anasema hafuniki. Wewe umemkunjia shati ukalifunga."

"Sijui kunavyokuwa hapo chini," nilimwambia. "Sijawahi kuona. Niliogopa kukosea."

Alitazama nje, barabarani, watu walivyokuwa wanapita na mizigo yao. Halafu akaweka mkoba chini, akavuta benchi, akakaa. Kwa mkono wa kulia akaukunja mkono wa sweta wa kushoto, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka juu ya kiwiko. Akauweka mkono wake juu ya meza yangu ya rangi, karibu na dirisha, penye mwanga.

"Chora," alisema.

Nikafungua kopo la kahawia.